Mashine Iliyokuwa Mgeni

Chai ilipoa mkononi mwa Masese kabla hajapiga funda la pili. Ilikuwa imetoka kwenye birika sasa hivi, mvuke unamchoma pua. Akanywa kidogo, akageuka kuangalia geji ya draya, ile tanuri ya kukaushia majani, akarudisha kikombe mdomoni, na chai ilikuwa baridi, imeshika utando wa maziwa juu. Akamwita Duke fundi aje aonje. Duke akaonja, akatema.

"Umeisahau tu, bana. Wewe na mawazo yako."

Masese akacheka. Watu hucheka wanapokosa la kusema, na huo ndio ujinga wetu sote.

Hiyo ilikuwa Jumatatu, saa tisa alasiri, mvua ya mawe ikipiga mabati ya Kiwanda cha Chai cha Kapsirgoi. Dakika hiyo hiyo kompyuta iliyokuwa ikiendesha mitambo yote, feni za kunyausha majani, mikanda, mlango wa draya, ilikufa ghafla, kisha ikajiwasha yenyewe. Jumanne saa tisa ikafa tena. Jumatano ilipokufa, mlango wa draya ulifunguka moto ukiwa ndani, na Duke, aliyekuwa ameinama pale mbele akikaza nati, akaungua uso na mikono yote miwili. Mayowe yake yaliwafikia akina mama wanaouza ndizi nje ya geti.

Kumbukumbu za mashine zilionyesha kwamba mlango haukufunguka wenyewe. Mtu alibonyeza amri kwenye kibao. Na mtu wa kibao, opereta wa draya, ni Masese.

"Sikubonyeza, boss," Masese alimwambia meneja, Gibson Kipchirchir. "Naapa kwa mama yangu."

"Wacha kuapia mama," Kipchirchir akasema. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa ametoka hospitalini kumwona Duke. "Nimekupa mpaka Ijumaa jioni. Nisipopata jibu, polisi watakuuliza wenyewe."

Sasa mtu wa kompyuta pale kiwandani alikuwa Nyambeki, na Nyambeki ni dada yake Masese, wa tumbo moja. Wazazi wao walitoka Kisii wakaja kuchuma chai Kericho, wao wakazaliwa huku, wakasoma huku, wanajua Kipsigis hata cha kutukana. Na bado likitokea jambo baya utasikia mtu akisema chinichini, "Hao wageni." Neno hilo lilimkwaruza Nyambeki tangu utotoni. Alijua kwamba mdogo wake akishaingizwa kwenye lile gari la polisi, hakuna atakayejisumbua kuuliza kama alionewa.

"Chunguza hiyo mashine," Kipchirchir alimwambia. "Lakini ukimficha ndugu yako, mtaenda wawili."

Alhamisi asubuhi Nyambeki akajifungia katika chumba cha seva, ilimowekwa ile kompyuta. Mashine ikifa kifo cha ghafla namna ile, humwaga kila kilichokuwa kichwani mwake kwenye faili moja. Watu wa kazi hiyo huliita damp. Damp ni maiti ya mashine, na ukijua kuipasua itakuambia kilichoiua. Alifungua ile ya Jumatano, akaanza na kerneli, programu ya chini kabisa inayoziamuru nyingine zote.

Ndani ya chipu ya kompyuta kuna alama ndogo ambayo kerneli huisoma inapoamka. Alama ikiwa imezimwa, kerneli inajua imekaa juu ya chuma chenyewe. Ikiwa imewaka, basi chini yake kuna mashine nyingine inayoishikilia, na hii ya juu ni mgeni tu aliyekaribishwa ndani. Kwa Kiswahili cha vitabuni hiyo ya juu huitwa mashine pepe. Badilisha herufi moja ya mwisho, uniambie umepata neno gani.

Alama ilikuwa imewaka.

Nyambeki akaisoma mara tatu. Akampigia simu Ratemo, rafiki yake wa chuo, aliyekuwa Nairobi akila mshahara wa kupasua damp za mabenki, akamtumia faili.

"Nyambe, hii kerneli ni mgeni," Ratemo akasema baada ya muda. "Mwenyeji wake ni nani? Mliweka nini chini yake?"

"Hatukuweka kitu. Ni sanduku moja la chuma. Niko nalo hapa, nimeliegemea."

"Basi kuna mtu amejipenyeza chini yenu. Na ujue mwenyeji akiwa chini, hakuna kitu unachoweza kumficha. Anakusimamisha, anakutia kitu kichwani, anakuendeleza, na wewe hujui hata kama ulisimama. Hebu angalia jina. Kila mwenyeji huandika jina lake kwenye chipu. Herufi kumi na mbili, haziongezeki, hazipungui."

Nyambeki akatafuta, akaweka kidole kwenye kioo, akasoma herufi moja moja kwa sauti ya chini. M, w, e, n, y, e, j, i. Akapumua. W, e, n, u.

"MwenyejiWenu," akasema.

Ratemo alisikika akibonyeza kibodi, akitafuta. Halafu akasema, "Hiyo programu haipo duniani. Huyo ni mtu anawachezea, na ni mtu wenu. Mtu wa hapo ndani."

Ah, shaka ni kitu kibaya. Ikishaingia haitaki kutoka. Nyambeki alimshuku kwanza Onchiri, aliyeuzia kiwanda ile mashine. Lakini Onchiri hakuwa amekanyaga Kapsirgoi tangu mwaka jana. Akamshuku meneja, lakini Kipchirchir hata kutuma baruapepe ni mpaka ashikwe mkono. Ufunguo wa chumba cha seva walikuwa nao watatu tu: meneja, yeye mwenyewe, na opereta wa draya. Na opereta wa draya alikuwa amesomea kompyuta miezi sita pale Kericho mjini, ada ikalipwa na dadake. Nyambeki aliona aibu kuliwaza hilo, akaliwaza vilevile.

Alimkuta Masese nyuma, kwenye lundo la kuni za boila, amejikunyata.

"Masese, niambie ukweli. Ni mimi. Uliweka kitu kwenye ile mashine?"

Masese aliinua uso. "Hata wewe, sista?"

"Nijibu."

"Sijagusa." Akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Lakini nitakuambia kitu, usiniite mwendawazimu. Dakika zinapotea. Nakuwa nimesimama pale kwenye draya, mkono uko mfukoni. Nikija kushtuka, mkono uko kwenye kibao. Katikati hakuna kitu. Si usingizi, si nini. Hakuna."

"Tangu lini?"

"Jumatatu. Na kuna ile harufu. Kwani wewe huisikii?"

Nyambeki alitaka kusema hapana. Lakini alikuwa ameisikia tangu asubuhi kwenye chumba cha seva, akadhani ni ya mtu aliyepita: harufu ya mursik, maziwa yaliyolala kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, yale maziwa ambayo Mkipsigis humtolea mgeni wa maana akifika kwake. Alikuwa ameuliza kila mtu wa zamu. Hakuna aliyekuja na kibuyu.

"Rudi kazini," akamwambia mdogo wake, kwa ukali ambao hakuukusudia.

Akafanya alivyofundishwa. Alitoa diski ya seva, akaweka mpya ya kwenye katoni, akaiwasha kwa programu safi aliyokuja nayo. Akaiua kwa makusudi, akapasua damp. Alama ilikuwa imewaka. Basi akachukua laptopu yake mwenyewe, ambayo hata Masese hajui nywila yake, akaiua palepale chumbani na kusoma damp: imewaka, na jina ni lile lile, herufi kumi na mbili. Akatoka nayo hadi nje ya geti, akaketi kwenye benchi la mama wa ndizi, akaiua tena.

Imezimwa. Hakuna jina.

Akarudi ndani hatua tatu, askari wa geti akimshangaa, akaiua. Imewaka. Akatoka. Imezimwa. Alifanya hivyo mara tano, mpaka askari akamuuliza kama amepoteza kitu, naye akatikisa kichwa tu; alichokuwa amekipata hakikuwa na jina kwenye kitabu chochote alichosomeshwa: si mashine moja iliyoingiliwa, ni kila kinachovuka lile geti, laptopu, seva, pengine hata saa iliyokuwa mkononi mwake na mkono wenyewe.

Watu wa huku hupenda kusema majini ni mambo ya Mombasa, yanataka bahari na marashi, hayawezi baridi yetu. Haya basi. Kaa hapo useme.

Saa tisa kasoro dakika mbili Nyambeki akarudi chumba cha seva na kumpigia Ratemo. "Usikate simu," akanong'ona. "Nataka uhesabu sekunde kwa sauti. Usiache hata nikinyamaza."

"Nyambe, unanitisha."

"Hesabu tu."

Ratemo akaanza kuhesabu. Nje mvua ya mawe ilikuwa imeanza, punje moja moja kwanza, halafu bati zima likawa linaunguruma, na Nyambeki akabana simu sikioni kwa mkono wa kushoto, wa kulia ameukalia ili ajue uko wapi, akisikiliza sauti ya Ratemo ikisema hamsini na sita, hamsini na saba, na nyuma ya mlango akasikia mtu akikohoa kidogo, kile kikohozi cha adabu anachokohoa mwenye boma anapotoka kuwapokea watu walioketi sebuleni kwake, na Ratemo akasema hamsini na nane, akasema mia saba na tatu.

Hakukuwa na kitu katikati. Mvua ilikuwa imeisha. Mabati yalikuwa yakidondosha maji.

"Nyambeki!" Ratemo alikuwa amekauka koo. "Dakika kumi na moja nahesabu huku nakuita! Nakuita, unapumua tu! Kwa nini hukujibu?"

Mkono wake wa kulia haukuwa tena chini ya paja. Ulikuwa juu ya laptopu. Na kwenye kioo, chini ya kazi yake ya mchana kutwa, palikuwa pameandikwa: Karibuni. Kaeni. Hakuna haraka.

Nyambeki alilia. Alilia kwa hofu, na katikati ya hofu alilia kwa kujuta, kwa sababu sasa alijua mdogo wake hakusema uongo hata kidogo, na yeye alimtazama machoni akakataa kumwamini. Akaenda kumtafuta kule kwenye kuni, akamkumbatia mbele ya watu. Masese akaona haya. "Wacha basi, sista, watu wanaangalia," akasema, lakini hakumwachilia.

Ofisini, Kipchirchir alimsikiliza Nyambeki kwa heshima, mikono mezani, mpaka mwisho.

"Kwa hivyo niwaambie wakurugenzi kwamba kiwanda chote ni mgeni?"

"Kila kilicho ndani ya geti, boss. Sisi wote. Masese alitumiwa mkono wake kama nilivyotumiwa wangu."

"Mimi si mgeni hapa. Babu yangu amezikwa pale juu, unaweza ukaona kaburi ukisimama kwenye ngazi."

"Hata wewe."

Kipchirchir hakumkemea. Alikuwa ameivuta hewa puani, kidogo, kama mtu anayeogopa kuonekana akinusa. Kisha akasema polepole, "Mimi hayo ya kerneli sielewi. Ninachoelewa ni kwamba kijana ana kitu. Kesho namleta Mama Rodah kutoka Roret amwombee. Akimtoa hicho kitu mbele yangu, nafunga hiyo kesi. Hakuna polisi. Nimesema."

Nyambeki alipaswa kukataa pale pale. Lakini aliposikia hakuna polisi, alisema asante. Ungekuwa wewe ungesema nini?

Mama Rodah alifika Ijumaa saa nane na nusu, mama mnene wa gumbuti na kitambaa cheupe kichwani, mikono bado ina weusi wa utomvu wa chai aliyochuma asubuhi kwake. Alikuwa amefukuza mapepo kutoka Roret hadi Sigor, na watu walimwamini kwa sababu hakuomba kitu ila nauli. Wafanyakazi wote walitolewa nje ya geti. Draya ilizimwa. Ndani ya ukumbi wa draya walibaki wanne: Mama Rodah, meneja, Masese ameketi kwenye kiti cha plastiki, na Nyambeki na laptopu yake kifuani.

Mama Rodah alisimama mlangoni, akanusa.

"Nani ameleta maziwa?"

"Hakuna, mama," Kipchirchir akasema.

Uso wa Mama Rodah ulibadilika kidogo. Akafungua chupa ya mafuta, akampaka Masese kwenye paji la uso, akamwekea mikono yote miwili kichwani. Hapo ndipo Nyambeki alipong'amua watafanya nini. Akasogea karibu.

"Mama, samahani," akanong'ona. "Omba, lakini nakusihi usimfukuze mgeni. Hiki kitu si mgeni."

"Ni nini basi, mwanangu?"

"Ndiye mwenyeji."

Mama Rodah alimtazama kwa huruma, vile watu wazima wanavyomtazama mtu aliyesoma sana. Ulimi wake ulikuwa wa kwao, g ikitoka k. "Mwenye mwili ni nani? Si huyu kijana? Pepo ndiyo mkeni. Sikuzote pepo ndiyo mkeni."

"Nyambeki, wacha mama afanye kazi," Kipchirchir akasema. "Unataka ndugu yako aokolewe ama hutaki?"

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia tisa. Mama Rodah akafumba macho akaanza, taratibu kwanza, akiita damu ya Yesu, akifunga, akivunja, na juu ya mabati punje ya kwanza ya mvua ya mawe ikaanguka, ikafuata ya pili, na sauti yake ikapanda kupita mvua, na ile harufu ya maziwa ikazidi mpaka Kipchirchir akaziba pua kwa leso, na upande wa pili wa draya mtu akakohoa, karibu kuliko jana, kikohozi cha subira, na Masese akafumbua macho akamtazama dadake, machozi yakimtoka, akasema, "Sista, usiniache," na Nyambeki akaangusha laptopu akakimbia kumshika mkono, akipiga kelele, "Mama, wacha! Mgeni ni yeye! Mgeni ni Masese!" lakini Mama Rodah alikuwa amefika pale ambapo masikio ya mwombaji hayasikii mtu, na akakanyaga sakafu kwa gumbuti, akapaza sauti mara tatu:

"Wewe mkeni uliye ndani ya mwili huu, nakuamuru, toka! Mkeni, toka! Toka!"

Mkono wa Masese ulikaza ndani ya mkono wa Nyambeki, ukakaza tena, kisha ukalegea.

Mvua ikakatika. Harufu nayo ikaondoka mara moja, ikabaki ile ya kawaida ya majani mabichi na moshi wa kuni. Masese alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua gunia la majani, na alipofumbua macho hayakuwa na machozi. Akatazama ukumbi mzima, mikanda, draya, dari, polepole, kila kona. Akatabasamu.

"Asante, mama," akasema kwa sauti yake ileile. "Sasa niko sawa."

Mama Rodah alipiga magoti akamshukuru Mungu. Kipchirchir alikuwa akilia waziwazi. "Angalia hiyo mashine yako," akamwambia Nyambeki. "Angalia!"

Aliiokota laptopu, kioo kimepasuka kona, akaiua, akasoma damp. Alama ilikuwa imezimwa. Alitafuta jina kutoka juu hadi chini, hakulikuta popote.

"Imezimwa," akasema.

"Bwana asifiwe! Kesi imekwisha." Kipchirchir akachukua barua aliyokuwa amewaandikia polisi, akairarua vipande vinne, akampa Masese mkono. Masese akaupokea kwa mikono miwili.

"Karibu sana, meneja," akamwambia. "Jisikie uko nyumbani."

Kipchirchir akacheka kwa furaha. Nyambeki hakucheka. Alitaka kuamini, Mungu anajua alivyotaka. Alijiambia alama imezimwa, polisi hawaji, mdogo wangu ameketi hapa mzima. Lakini alikuwa bado anausikia ule mkono ukikaza mara mbili, vile Masese alivyokuwa akimshika walipokuwa wadogo wakivuka daraja la miti, na akawa anajiuliza ni nani aliyelegea.

Simu yake ikalia. Ilikuwa mama yao, Mongina, ambaye tangu asubuhi alikuwa ameketi nyumbani bila kula. Nyambeki akaweka spika.

"Wamemwachilia mwanangu?"

"Wamemwachilia, mama. Hakuna polisi."

"Uwi, Mungu wangu! Asante, Yesu!" Mongina akaanza kulia. "Nipe nimsikie. Nipe Masese."

Masese akanyoosha mkono, akaichukua simu, akaisogeza mdomoni. "Mama, wacha kulia," akasema, na kila kitu kilikuwepo, ule uvivu wa maneno, hata kile kicheko kidogo cha mwisho. "Niko mzima. Jioni nakuja. Unipikie."

Upande wa pili kilio kilikatika. Mama Rodah akainua kichwa. Kisha Mongina akazungumza, chini sana, kama mtu anayefunga mlango huku akiongea.

"Nyambeki, uko hapo?"

"Niko, mama."

"Huyo asije kwangu," Mongina akasema. "Mtoto wangu yuko wapi?"